Mota Haina Ndevu

Haya aliniambia Marsiana mwenyewe, mwaka huu, alipokuja Ifakara kunitazama baada ya Pasaka. Ni mtu wa Kisawasawa, shamba lake la kakao liko kule miguuni mwa milima. Nayaandika kama alivyoyasema, na pale alipocheka na mimi nilicheka.

Mume wake Hilary alijenga kibanda cha kukaushia kakao nyuma ya nyumba. Tanuru la matofali linalokula pumba za mpunga, bomba, na feni ya kuendeshwa na mota ya umeme. Feni ndiyo inayopuliza joto lipite chini ya vichanja. Hilary akafariki. Siku ya kumaliza tanga ukoo ukakaa kugawa vitu vyake, na Kassian, mdogo wa marehemu, akalitaka tanuru.

"Mwanamke na mota wapi na wapi," akasema.

"Mota haina ndevu, shemeji," Marsiana akamjibu mbele ya wazee wote.

Wazee wakaamua hivi: mzigo wa kwanza aukaushe Marsiana. Ukitoka mzima, tanuru ni lake. Ukiota ukungu, linahamia kwa Kassian.

Basi kakao ikavunwa, ikavundikwa chini ya majani ya mgomba mpaka ikaiva, ikatandazwa kwenye vichanja. Na mvua nayo ikaanza, hii ya kwetu isiyojua kupumzika. Asubuhi Marsiana akawasha moto wa pumba, akabonyeza swichi. Kimya. Akatazama ukutani, breka imeshuka. Akaipandisha, akabonyeza tena. Tak! Imeshuka tena.

Kassian huyo, kasimama mlangoni na mwavuli, utadhani kapigiwa simu.

"Nilisema mimi. Nipe funguo, shemeji, kakao bado inaokoka."

"Funguo ziko kiunoni, na kiuno ni changu."

Rosemery, dada yake Kassian, alikuwa ndani anapanga magunia. Alikaa na wifi yake tangu msiba. Akaficha kicheko kwenye kanga.

Marsiana hakufanya haraka. Kwanza akachomoa plagi ya mota. Akaleta pasi, akaichomeka palepale, ikapata moto. "Umeme upo," akasema. "Ugonjwa uko kwenye mota." Akaichomoa pasi, akazungusha feni kwa mkono. Ikaenda laini, hakuna panya aliyejenga humo. Ndipo akashika bisibisi, akafungua mfuniko wa mota, akaiinamisha.

Yakachuruzika maji. Akanusa vidole. Sabuni.

"Nani kaiogesha hii?"

Rosemery akaketi juu ya gunia la pumba. "Mimi, wifi. Siku ya kumaliza tanga. Niliisugua mpaka ikang'aa, nikaisuuza kwa ndoo nzima."

"Mjinga wewe!" Kassian akafoka. "Mota inaoshwa?"

"Taratibu, shemeji," Marsiana akasema. "Nani alisimama uani akapaza sauti, vitu vya marehemu vioshwe vyote, msibakishe hata kimoja? Dada yako ni mtiifu tu. Na ningekuwa mimi ningekuosha na wewe."

Kassian akaonyesha tanuru kwa mwavuli. "Haya, iwekeni juu ya makaa ikauke upesi."

"Niichome? Hizi nyaya zina ngozi nyembamba kama ya kitunguu. Ikiungua, basi. Hilary alinionya kila nilipomshikia tochi. Itakauka ubavuni mwa tanuru, pale ambapo kiganja kinavumilia."

"Na kakao itakungoja?"

"Haitaningoja. Wifi, lete nyungo."

Wakasimama wawili kwenye mdomo wa bomba wakapepea kwa nyungo, joto likasogea kidogo kidogo chini ya vichanja. Mmoja akichoka anageuza kakao kwa mikono, mwenzake anapepea. Kassian akakaa barazani kungoja ukungu. Mara anaingia, anachota punje, anazinusa.

"Naona inaanza kunuka."

"Unanusa masharubu yako," Rosemery akamwambia. Alikuwa ameshapata ulimi.

Mota ilikaa ubavuni mwa tanuru, wakiigeuza kama ndizi kwenye majivu. Jioni Rosemery, mabega yanamuuma, akaomba waijaribu. Marsiana akachukua kioo cha kujitazamia, kilichokuwa baridi, akakishikilia juu ya tundu la mota. Kikafifia kwa mvuke.

"Bado inatoa jasho. Tukiiwasha sasa tunaiua wenyewe. Pepea, wifi."

Wakapepea mpaka kukakucha.

Asubuhi kioo kikabaki safi, mara ya kwanza na mara ya pili. Marsiana akatia tone la mafuta kwenye beringi, akafunga mfuniko, akakaza skrubu, akachomeka. Kassian akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Ondoa mkono wako," Marsiana akasema. "Ingekataa ningesemwa mimi. Basi na kuiwasha nawasha mimi."

Akabonyeza. Breka haikushuka. Mota ikanguruma, ikasita kama mtu anayekumbuka jina, kisha feni ikashika mwendo, na joto likapita chini ya kakao kwa kishindo mpaka majani makavu yakaruka. Rosemery akapiga kigelegele, sauti imemkauka.

Siku ya pili yake mchana, mvua inanyesha vilevile, Kassian akachukua punje moja, akaibana kwa vidole. Ikavunjika, kah. Akachukua nyingine kichanja cha chini. Kah.

"Imekauka," akanong'ona.

"Sema kwa nguvu, shemeji. Wazee wanakaa mbali."

Akaenda kuwaambia mwenyewe, maana angekwenda Marsiana ingekuwa aibu zaidi. Tangu hapo hajalitaja tanuru.

Rosemery alikuwa ameshalala juu ya magunia, mdomo wazi. Marsiana akafunika kakao, akazima mota, akajilaza kando ya wifi yake, mikono inanuka moshi, mchana kweupe, akalala.