Puto la Utumbo wa Ng'ombe

"Halinyanyuki," alisema Ottmar, akijirusharusha juu ya tandiko la baiskeli lililoning'inia chini ya puto. Puto halikusogea.

Majirani waliojazana malishoni walikuwa na raha zao. "Soseji yako imeshiba mno, Ottmar," mmoja alimtania. "Itie haradali tuile."

Acha wacheke. Ottmar Kienzle, mchinjaji, alikuwa amemaliza ujana wake akikwangua utumbo wa ng'ombe hadi uwe mwembamba kama ganda la kitunguu, akiunganisha kipande kwa kipande, mpaka likapatikana puto refu lenye pedeli na pangaboi, liende anakotaka mtu na si unakotaka upepo. Alitaka kujua jambo moja tu: huko juu kukoje? Na ilikuwa leo au basi. Tindikali ya kutengenezea gesi ilikuwa imekwisha, na hadi jioni gesi yenyewe ingekuwa imevuja.

Mkewe, Walburga, aligusa puto, akalamba kidole. "Ulitia chumvi."

"Utumbo gani hautiwi chumvi?"

"Wa soseji, sawa. Lakini chumvi inavuta maji, mume wangu. Na ukungu wote ule wa ziwani asubuhi! Puto limelowa, limekuwa zito."

Aibu ilimpanda Ottmar hadi masikioni. Mikono yake ilikuwa imefanya ilichozoea tangu utotoni, bila kumuuliza. Wakatupa mifuko ya mchanga, kisha koti lake, kisha buti. Puto likatikisika, likatulia. Mzigo uliobaki ulikuwa yeye mwenyewe.

Akamtazama mkewe, mwanamke mwembamba asiyenenepa hata kwa nyama ya buchani.

"Usinitazame hivyo," alisema Walburga. "Nimeacha viazi jikoni."

"Nenda wewe."

"Hamu ni yako, Ottmar."

"Najua." Ilimuuma, uongo wa nini. Alishuka, akamkalisha, akamfunga sketi kwa uzi wa soseji. "Kamba hii ukiivuta, gesi inatoka, unashuka. Usiivute upesi."

Akaachia.

Puto likapanda taratibu. Walburga akakanyaga pedeli, pangaboi likazunguka, na puto likageuka, likaukabili upepo kuelekea ziwani. Hakuna aliyecheka tena.

Ottmar alikimbia chini yake, peku, kwenye majani yenye maji. "Burga! Kukoje huko?"

Alimwona akiinama, akieleza jambo refu kwa mikono yote miwili. Upepo ukayachukua maneno yake. Ottmar akaendelea kukimbia, sikio kalielekeza juu.