Kolera Haing'ati Ulimi

Asubuhi Ngeleka alikutwa amekufa kifudifudi juu ya mkeka, katika uwanja wa stesheni ya Kolwezi, ambako Wakasai waliofukuzwa makwao walingojea treni ya kuwapeleka Kasai. Jana yake alikula ugali akashiba, akamtania dada yake Kanku.

"Kolera," alisema Tata Numbi, muuguzi wa serikali, akisimama mbali, kitambaa puani. "Azikwe sasa hivi, bila kuoshwa."

Mama Tshibola, mzazi wa Ngeleka, hakulia. Machozi aliyaweka akiba, kwanza kazi. Alikuwa na watoto wawili wenye kifafa, amebakiwa na mmoja. Tangu Wakasai wafungiwe zahanati, hakuna aliyemeza kidonge.

"Tata Numbi, karibia."

Alimfungua mwanawe kinywa. Ulimi ulikuwa umekatwa na meno pembeni, damu imekauka.

"Tangu lini kolera inaluma mutu ulimi? Aliharisha wapi? Mkeka ni huu, nusa!"

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka kuna maiti.

Shemeji yake, Muteba, akamvuta kitenge. "Mulamu, acha iitwe kolera. Ukitaja kifafa, nani ataoa Kanku?"

"Maiti haiolewi, Muteba."

Akamgeukia muuguzi. "Agizo lenu mulilibandika mulangoni ya zahanati: kifo cha gafula kichunguzwe, na wenye ugonjwa uleule batafutwe, batibiwe. Ukiandika kolera, utatuletea chokaa ya kaburi. Ukiandika kifafa, utafungua kabati. Dawa ya Kanku iko mule."

"Mama, bakubwa bataniuliza kwa nini mi napa Bakasai dawa."

"Baambie umechunguza, si njo kazi yako? Bakiuliza nani alikusumbua, taja Tshibola. Mi nimeisha kufukuzwa. Batanifanya nini tena?"

Numbi akakiondoa kitambaa puani. Akapiga magoti, akautazama ulimi, akaunusa mkeka. Akaandika: kifafa, dawa zilikatika. Kisha akatoa ufunguo mfukoni.

Kanku alimeza kidonge mbele ya umati, mama yake akimshikia kikombe, Muteba akitazama viatu vyake. Hapo akatokea mwanamke kutoka nyuma ya mabehewa, amemshika mumewe mkono.

"Na bwana yangu pia," alinong'ona.

"Sema kwa nguvu," Tshibola alimjibu, "asikie mwenye ufunguo."

Mwanamke akasema kwa nguvu.

Ndipo Tshibola akachota maji, akaketi kando ya mkeka kumwosha mwanawe, na akiba yote ya machozi akaitumia hapo.