Mbuzi wa Ijumaa Alasiri

Kila asubuhi, kabla mama wa chapati hajafungua kibanda chake, saa za wanafunzi zilifika kwenye lango la hosteli pale Kitengela zikiwa mbuzi. Kila mtu alishuka na ndala akachukua wake. Asiyewachunga aliwakuta jioni wametawanyika kando ya barabara ya Namanga, na siku yake ilikuwa imeishia hapo.

Naliaka, aliyelala kitanda cha juu, aliwahesabu wake kwa sauti. Nalotuesha, wa kitanda cha chini, hakuhesabu. Kwao Bisil mifugo haihesabiwi. Mtu hutazama rangi na masikio, akajua nani hayupo.

"Utafeli wewe," Naliaka alimcheka. "Kupanga masaa bila kuhesabu ni kupanga gani?"

"Wako unawahesabu kila siku na bado wanapotea. Mimi wangu nawajua sura."

Muhula huo Nalotuesha alijifunza kuwachunga vizuri. Wa asubuhi aliwapeleka maktaba, wa jioni akafulia nao nguo. Mmoja tu, mweupe mwenye sikio lililopasuliwa, alimfunga kando wiki nzima bila kumgusa. Huyo alikuwa wa Ijumaa alasiri, wa kwenda naye Bisil kumwona koko, nyanya yake, aliyekuwa akiugua. Koko alikuwa ametuma ujumbe kupitia Moses, binamu yake Nalotuesha: "Mwambie aje. Niko na neno lake, la yeye peke yake."

Ijumaa hiyo mhadhiri wao, Daktari Kiragu, aliitisha darasa la ziada. Asiyefika hangefanya mtihani. Wanafunzi wakaketi wakangoja. Kiragu hakuja, kama kawaida yake. Kupitia dirisha walimwona mbuzi mweupe akikata kamba na kuondoka pamoja na mbuzi wao, kimya, bila mchungaji. Hakuna aliyeinuka. Majina yalikuwa hayajaitwa.

Darasa lilipovunjika, Nalotuesha alifuata kwato hadi nyumbani kwa Kiragu. Ua ulikuwa umejaa mbuzi wa miaka mingi. Kiragu alikuwa ameketi katikati yao akinywa chai. Alikuwa amemfundisha Lorna, mama yake Nalotuesha, na hakuwa na mvi hata moja.

"Daktari, huyu ni wangu. Ona sikio."

"Alikuja mwenyewe," Kiragu alisema kwa upole. "Sijamfunga. Mchukue, kama atakubali."

Nalotuesha alishika kamba akavuta. Kamba ilikuja, mbuzi akabaki.

Alipofika Bisil, Moses alikuwa akipanga viti vya kukodi nje ya nyumba.

"Umechelewa, dada. Alikungoja sana."

"Lile neno alikuachia?"

"Nilimwomba. Akasema mimi si wewe."

Baada ya mazishi, Kiragu aliitisha tena darasa la ziada, na wanafunzi wakaketi wakangoja. Nalotuesha aliketi karibu na dirisha. Mbuzi walipopita aliwatambua mmoja mmoja, akawaambia wenzake yupi ni wa nani. Walimshukuru kwa sauti ya chini, wakabaki vitini.

Siku hizi, akitoka maktaba, hupitia kando ya ua ule. Mbuzi mweupe amenenepa. Husogea hadi kwenye uzio na kumwita jina kwa sauti ya koko. Nalotuesha huinamisha kichwa, kama mtoto anavyomwamkia mkubwa, na pua yenye unyevu humgusa utosini.

"Mwanangu," mbuzi huanza, "nilitaka kukwambia..."

Kisha Kiragu hupiga mluzi, naye hugeuka akaenda.