Nyuzi Alizozikaza Baba

...legeza nyuzi, anasema, kama vile ananiambia nifunge zipu ya begi, huyu mhudumu wa kaunta mwenye kucha nyekundu, ndege imejaa, gitaa litakwenda chini na mizigo, na huko chini ni baridi, nyuzi zikibaki zimekazwa shingo inaweza kupasuka, ananifundisha mimi, mtoto wa mpiga gitaa, ningecheka, ila nyuzi hizi alizikaza baba kwa mkono wake mara ya mwisho, Jumapili ile kabla ya hospitali, na alikuwa na namna yake, alizishusha zifuate sauti yake iliyochoka, akasema nikizeeka gitaa nalo lizeeke, tukacheka... na mdogo wangu huko niendako, aliyekosa mazishi kwa kunyimwa viza, alinisihi kwenye simu, usiliguse dada, nataka nilisikie alivyoliacha, nami nikaapa, mdomo wangu huu, na foleni inanung'unika, bwana mwenye kofia ananigonga kisigino kwa toroli, anauliza tunasafiri leo au tunapiga muziki, nyamaza wewe, hujui nimeshika nini... namwomba dada wa kaunta aniitie mkubwa wake, anasema mkubwa ni yeye, haya, makubwa haya, nisipolegeza shingo ivunjike, nikilegeza nimpelekee mdogo wangu ubao mtupu, na hiyo sauti yenyewe, niseme ukweli, ipo? miezi yote kabatini, nyuzi hushuka zenyewe, asubuhi lilipogonga mlango wa teksi lilitoa mlio wa hovyo nikajifanya sikusikia, naogopa, nimebeba kiapo kitupu... lakini baba kabla ya kukaza alikuwa anaguna kwanza, mmm, kila uzi na mguno wake, kisha anazungusha mpaka uzi umfuate, mama anamtania, tumbo linakuuma?

"Dada, unalegeza au niite wa nyuma yako?"

"Nalegeza. Nipe dakika."

...kasha limefunguka, kidole kwenye uzi mnene, naugusa, halafu naguna, mmm, watu wanageuka, wageuke tu, uzi unasema hivi na koo langu linasema vile, nagusa tena, naguna tena, na anayekosea ni uzi, ni uzi, sauti yako ninayo, baba, ninayo, nalegeza, bado nyuzi tano, na mwenye kofia ananigonga tena kisigino.