Maji Matupu Yaliyosogeza Pembe

Tangu asubuhi Sindano alikuwa hajakaa. Jina hilo walimpa wenzake wa maabara kwa wembamba wake, na kwa kuwa hakuwahi kuacha jambo bila kulichokonoa. Leo alilolichokonoa lilimtoa jasho.

Kazi yake ilikuwa utando wa kupimia sumu majini, wa dhahabu iliyopakwa juu ya kioo, mwembamba kuliko unywele mara elfu, wenye vitundu kama sifongo. Unaumulika kwa chini. Mwanga ukifika kwa pembe fulani haurudi, elektroni za dhahabu zinaumeza na kutikisika pamoja. Kitu kikinasa kwenye dhahabu, pembe hiyo husogea. Juzi alitia maji yenye sumu ya wadudu, pembe ikasogea sana. Profesa akawaandikia wafadhili siku hiyohiyo, nao wangefika leo saa nane mchana.

Leo alitia maji matupu. Pembe ikasogea vilevile.

"Wifi, kiti kina miiba?" aliuliza mke wa kaka yake, fundi aliyeupaka utando ule.

"Maji matupu, wifi. Nayo yanasogeza."

Fundi akaacha kufuta miwani. "Vitundu vinakunywa polepole. Hewa inatoka, maji yanaingia. Juzi uliuloweka muda gani kabla ya sumu?"

"Sikuuloweka."

"Basi juzi ulipima maji, si sumu. Kamwambie mzee sasa hivi. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Profesa alimsikiliza mlangoni, tai ikiwa mkononi.

"Unajua nimewaandikia nini?"

"Najua, mwalimu. Niliisoma barua mara tatu kwa furaha."

Profesa akaivaa tai. "Basi utawaeleza wewe."

Saa nane Sindano alieleza, akienda huku na huku mbele ya ubao mpaka mgeni mmoja akamwomba asimame mahali pamoja, kwamba anamtia kizunguzungu. Wageni waliandika, wakashukuru, wakaondoka bila ahadi yoyote. Profesa hakumtazama.

Utando ulikuwa bado majini. Saa kumi na moja kasorobo pembe ikatulia. Sindano akatia sumu. Mstari wa pembe kwenye skrini ukapanda kidogo tu, sehemu ya sita ya ule wa juzi, ukabaki palepale.

"Msogeo mdogo," alisema Profesa nyuma yake. Sindano hakuwa amemsikia akiingia.

"Mdogo, lakini ni wa sumu."

Profesa akainama, akautazama mpaka pua ikakaribia kioo cha skrini. "Rudia," akasema. "Kesho nitaandika barua nyingine."

Sindano alikuwa ameshaanza kuosha chupa ya kipimo kingine.