Ngozi Iliyompwaya Fundi

Kitendawili nakutegea wewe unayesikiliza: mtu kakonda mpaka nguo zote zinampwaya. Kazivua moja moja, kabaki kama alivyozaliwa, na bado ipo moja inayompwaya. Ipi hiyo? Ukishindwa usihangaike kunipa mji, huu nilio nao unanitosha. Ni ngozi.

Ndiyo iliyompeleka hospitali fundi cherehani mmoja, mjane, mshonaji wa sare za shule. Alikuwa mnene wa kupita milango kiubavuubavu. Akapungua kilo arobaini, ngozi ya mapajani ikabaki inaning'inia.

Daktari alimsimamisha, akamchora mapaja kwa kalamu. Fundi akaitazama ile mistari kwa jicho la kazi.

"Mshono utakaa wapi?"

"Upande wa ndani, toka kwenye kinena mpaka karibu na goti."

"Ndani ndiko kunakosuguana, daktari. Mimi nisingeuweka hapo."

Daktari akacheka. "Basi niazime mkasi wako! Ndani unajificha, mama. Kovu litafifia, ila halitafutika. Uvimbe utachukua miezi. Nguo ya kubana utaivaa wiki kadhaa. Kutembea utatembea mapema, polepole, lakini usipanue miguu, usinyanyue ndoo, na cherehani usiiguse mpaka nikuruhusu. Siku za mwanzo lazima uwe na mtu nyumbani."

"Ninaye," fundi akasema, akaandika namba ya simu kwenye fomu.

Siku ya kutoka ikafika. Muuguzi akaja na ile fomu, akabonyeza namba ili amwite huyo mtu. Simu ikalia chini ya kitanda, ndani ya mkoba wa fundi.

Muuguzi akautazama mkoba, akamtazama mwenye mkoba.

"Mama! Wa kukuuguza ndiye wewe mwenyewe, kwa laini ya pili?"

"Ni ya wateja hiyo," fundi akajibu, machozi yakimlenga. "Wiki hii haikuwa na kazi."

"Bila mtu siwezi kukuruhusu. Huna hata ndugu?"

Alikuwa naye, mdogo wake wa tumbo moja. Miezi mitatu nyuma alimpigia kumweleza habari ya upasuaji, mdogo mtu akaangua kicheko: "Dada! Kwa umri huo, unamtengenezea nani hayo mapaja?" Fundi akakata simu. Tangu hapo hakuna aliyempigia mwenzake. Fundi alikuwa akila amesimama jikoni, redio ikiongea peke yake, na akiizima alisikia bomba likidondosha.

Sasa akapiga.

"Nimeshapasuliwa. Mirija ya kutolea majimaji wameitoa asubuhi, lakini hawaniachii niende bila mtu."

Upande wa pili zikasikika droo zikivutwa na kusukumwa.

"Wewe dada kichwa chako kigumu, sijui ulizaliwa nacho! Natafuta viatu. Nakuja, na sitoki kwako mpaka unifukuze. Ila siku ile ulinikatia simu, hukunijibu. Ulikuwa unamtengenezea nani?"

Fundi akavuta shuka mpaka kifuani.

"Hakuna anayeyaona, mdogo wangu. Nikikanyaga cherehani yalikuwa yanachubuka mpaka damu. Narudi nyumbani nachechemea, nafungua mlango, na ndani hakuna wa kuniuliza nimeumia wapi. Nikaona, kama hakuna wa kuniuliza, basi bora nisiumie."