Zamu Yangu ya Kuwa Fyuzi

Usiku wa jana niliota naitwa na gari langu. Halikupiga honi. Liliniita kwa jina, "Mbwana! We Mbwana!" kwa sauti ya mtu anayetaka kujua nani kamaliza maji ya mtungi.

Nikatoka nje. Huko kwenye ndoto ilikuwa mchana, jua kali, na gari lilikuwa pale pale nilipoliacha uani kwetu Tanga, chini ya kamba ya kuanikia nguo. Ndani taa zangu za buluu zilikuwa zinawaka. Nilijisikia raha.

Hizo taa lazima nizieleze, maana ndizo zilizonitia matatani. Dada yangu Zamda anaolewa, na jioni ya leo ndiyo anapelekwa kwa mumewe. Ndugu walitaka kukodi gari la kumpeleka. Mimi nikasema halikodiwi gari hapa, bibi harusi atapanda la kaka yake, na ndani litang'aa mpaka majirani wakose usingizi. Nikavunja tochi za kuchaji na redio mbovu ya marehemu babu. Nikaunga taa ndogo ndogo kwa msumari niliouchoma kwenye jiko la mkaa, nikazibandika darini kwa gundi, nikazifunika nailoni ya buluu. Zile resista zilizokuwa humo, vile vidude vyenye michirizi ya rangi, nilizitupa kwenye ndoo ya takataka. Nilisikia zinapunguza umeme. Nani anataka kupunguziwa kitu siku ya harusi?

Nilipowasha, fyuzi ikaungua. Nikaweka nyingine, nayo ikaungua. Basi nikafanya kama wafanyavyo wanaume wote wa mtaa wetu: nikaizungushia karatasi ya pakiti ya sigara, ile inayometameta, nikairudisha mahali pake. Taa zikawaka. Wanawake wakapiga vigelegele, nikaenda kulala nikijiona mtu.

Sasa kwenye ndoto nafungua mlango wa gari. Chini ya usukani amekaa bwana mwembamba, amevaa koti la manjano unaloweza kuona hadi ndani. Kiuno chake kimekatika katikati, na amevikwa karatasi ya sigara kuanzia mabegani hadi magotini.

"Mimi ni Fyuzi," anasema. "Kazi yangu ni kufa kabla ya wengine. Nilikufa jana, tena vizuri, ukaja ukanivika hili likaratasi ukanirudisha kazini. Huko kwenu maiti mnazifanyia hivyo?"

"Hapana."

"Basi nivue, uvae wewe. Mimi naenda kupumzika."

Nikamwambia kwamba nina shughuli, dada yangu anaolewa. Akasema sheria yao ni moja tu: mahali pa fyuzi anakaa mnyonge kuliko wote waliopo. Akatazama uani. Nami nikatazama. Hapakuwa na mtu mwingine.

Mara nimo ndani ya kisanduku cha fyuzi, ambacho pia ni ukumbi wa nyumba yetu, na viatu vya wageni vimejaa mlangoni. Miguu yangu imechomekwa kwenye matundu mawili ukutani. Nimevaa karatasi ya sigara kama kanzu. Jirani yangu wa kulia ni Fyuzi wa Honi, anayepayuka hata akiomba chumvi. Wa kushoto ni Fyuzi wa Wipa. Huyo anakataa kila unachomwambia, kichwa chake kinakwenda huku na huku.

Kutoka hapo namwona Zamda. Amekaa kiti cha nyuma, amefunikwa ushungi, mikono yake ina hina mpaka viwiko.

"Kaka, mbona miguu yako imeingia ukutani?"

"Nipo kazini."

"Haya. Kumependeza humu. Ila kuna joto, na dari inanidondoshea gundi."

Nikataka kumjibu, lakini umeme ukafika. Umeme kumbe ni watu. Ni wanaume wa upande wa bwana harusi, wamevaa kofia nyekundu, wanatoka kwenye betri wakipiga matwari, na njia yao ya kufikia taa inapita kifuani kwangu. "Hodi!" anasema wa kwanza, tayari keshapita. Wakishafika kwenye taa wanatokea mlango wa uani, wanarudi kwenye betri, halafu wanakuja tena na nyuso za watu ambao hawajala. Wanasukumana. Karatasi yangu inapata moto. Mimi sikatiki, kwa kuwa karatasi hiyo haijui kukatika, na joto lote linakwenda kwa dada yangu.

"Kwani hakuna wa kuwazuia?" napiga kelele. "Harusi gani hii haina shangazi mlangoni?"

Maana kwetu bwana harusi haingii hivi hivi. Mashangazi hukaa mlangoni na kuziba njia, wakacheka, wakadai chao, na mtu akapita pale wao watakapo.

"Shangazi alikuwepo," anapayuka Fyuzi wa Honi. "Umemtupa kwenye ndoo!"

Nikaita, "Shangazi! Shangazi, tafadhali!" Ndoo ya takataka ikatikisika, akatoka mwanamke mfupi, mnene, gauni lake lina michirizi minne: wa kahawia, mweusi, mwekundu na wa dhahabu. Ganda la kitunguu limemning'inia sikioni.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Alijipangusa kwanza.

"Leo ndiyo nimekuwa shangazi? Jana nilikuwa takataka."

"Nilidhani unapunguza mwanga."

"Napunguza, ndiyo. Hata bibi harusi hafunuliwi wote kwa mara moja. Wewe hukulelewa?"

Nyuma yake ushungi wa Zamda ulianza kutoa moshi. Moshi mwembamba tu, kama wa udi, na Zamda mwenyewe alikuwa anausifia. "Udi gani huu, kaka? Mzuri!" Nikaogopa. Mimi huwa naogopa kidogo kidogo, lakini pale niliogopa kwa mpigo mmoja.

"Shangazi, nifanye nini?"

"Nitakaa mlangoni, nitawapitisha kwa kiasi. Lakini hawa waliokwisha ingia siwezi kuwatoa. Hao wewe ndiye wa kuwakata. Vua hiyo karatasi."

"Ndani sijavaa kitu."

"Nimeona."

"Na hao ni wakwe zetu!"

"Watakuona. Halafu utakatika, na taa zako zitazima."

Nilizitazama taa zangu. Zilikuwa nzuri, Mungu anajua. Nikamtazama Zamda, aliyekuwa anapepea moshi kwa kiganja huku akitabasamu. Nikavua karatasi. Wakwe wakanyamaza wote, mmoja akafunika macho ya mwenzake, na papo hapo nikakatika kiunoni. Haikuuma. Nusu yangu ya juu ikaangukia kwenye kiatu cha mgeni.

Giza. Kimya. Kisha ndani ya giza nikamsikia Zamda akicheka. "Kaka, umezima taa!" Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuzimiwa taa.

Shangazi akanishika kidole cha shahada. Nikahisi kitu cha baridi kinapita juu yake, mara nne.

"Ili asubuhi unitambue," akasema. "Mle ndooni tumejaa wengi."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshapanda, harufu ya pilau imeenea nyumba nzima. Nikaenda kunawa uso, ndipo nikaona kidole. Kilikuwa na michirizi minne: wa kahawia, mweusi, mwekundu na wa dhahabu.

Moja kwa moja nikaenda chumbani kwa Zamda, alipokuwa amekaa na mashoga zake, mikono juu, akisubiri hina yake ikauke.

"Nani kaingia chumbani kwangu usiku na hina zenu?"

"Tuingie vipi?" akasema Zamda. "Ulijifungia kwa ndani. Tumekugongea chai mpaka tumechoka." Akakiangalia kidole changu. "Na hiyo ya dhahabu umeipata wapi? Sisi hatuna."

Nilikwenda kwenye gari, nikachomoa ile fyuzi na karatasi yake. Pale karatasi ilipogusa fyuzi palikuwa peusi. Kisha nikaenda nyuma ya jiko, nikapiga magoti mbele ya ndoo ya takataka, nikapekua. Zilikuwamo resista nyingi, za rangi mbalimbali. Chini kabisa, imenasa kwenye ganda la kitunguu, nikaiona moja. Nikaweka kidole changu kando yake. Kahawia, nyeusi, nyekundu, dhahabu.

Nikageuka kuhakikisha hakuna anayeniona. Nikatoa shikamoo kwanza, ndipo nikaiokota.